Kibuyu cha Madam na Sheria Namba Tatu

Nikiona kibuyu siku hizi, hata kile kidogo cha mapambo ambacho watu huning'iniza sebuleni, masikio yangu hupata moto. Wenzangu katika ofisi ya walimu wanajua. Mwalimu wa sayansi akitaka ninyamaze kwenye mkutano hasemi neno, ananyanyua tu kifuniko cha chupa ya chai na kukirudisha mahali pake polepole, kwa vidole viwili, huku ameziba pumzi, na mimi nakaa chini. Kisa chenyewe kimeshafika mji wa Turbo na kurudi kikiwa kimeota pembe. Kwa hivyo wacha niwape jinsi kilivyokuwa, kwa mpangilio, na pale nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga.

Naitwa Mwalimu Wekesa. Nafundisha Gredi ya Nne katika shule ya msingi iliyo ukingoni mwa Eldoret, ambapo dirisha moja la darasa langu linatazama barabara ya malori na lile jingine linatazama shamba la mahindi. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa mkataba, yaani niliandikwa na bodi ya shule wala si serikali, na mkataba ulikuwa unaisha mwisho wa muhula. Mwenye kusema kama nitaandikwa tena alikuwa mwalimu mkuu, Madam Chepkorir, mama mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye sijawahi kumsikia akimfokea mtu kwa sababu hajawahi kuhitaji. Aliniambia waziwazi: afisa wa elimu atakuja kukaa nyuma ya darasa langu, na atakachokiona siku hiyo ndicho kitakachoamua kama nina kazi au sina.

Alikuwa anakuja kuona hadithi za wawili.

Shida ya watoto wangu haikuwa kuandika. Waliandika insha ndefu mpaka nikazisahihisha nikisinzia. Shida ilikuwa mdomo. Unamsimamisha mtoto, unamuuliza, "Jana baada ya shule ulifanya nini?" anatazama viatu vyake na kusema, "Nzuri." Basi nikaanza kuwaketisha wawili wawili. Mmoja anamsimulia mwenzake hadithi, ya nyumbani au ya kubuni, mwenzake anasikiliza, kisha yule aliyesikiliza ndiye anayesimama mbele ya darasa na kuisimulia. Uzuri wake ni kwamba mtoto haoni haya sana akisema hadithi ya mtu mwingine, na pia hawezi kusinzia mwenzake akiongea, maana zamu yake inakuja.

Niliandika sheria nne kwenye karatasi kubwa ya manila, kwa kalamu nyekundu, nikaibandika ukutani. Namba moja, msikilize mwenzako mpaka mwisho. Namba mbili, simulia kama ulivyoambiwa, usiongeze, usipunguze. Namba tatu, hakuna kumkatiza msimulizi. Namba nne, hadithi ikiisha wasikilizaji wanauliza maswali matatu, na mwenye hadithi anasimama na kujibu ukweli. Watoto waliipenda ile ya tatu kuliko zote. Mtu akikohoa tu vibaya wakati mwenzake anasimulia, darasa zima lilipiga kelele, "Sheria namba tatu!" (Mwalimu wa Gredi ya Tano, ambaye ukuta wake ni ukuta wangu, alikuwa akinitumia vikaratasi vya kulalamika, na Madam alikuwa akivisoma na kuvikunja bila kusema kitu. Alikuwa upande wangu. Mkumbuke hilo.)

Nilikuwa na watoto arobaini na mmoja. Arobaini na mmoja haigawanyiki kwa mbili. Aliyebaki peke yake kila mara alikuwa Jelagat, msichana aliyehamia kwetu kutoka Ainabkoi mwanzo wa muhula, mdogo wa mwili, sweta limemzidi mikono, na ambaye katika wiki sita nilikuwa nimemsikia akisema "eh" na "aa-a", basi. Hakuna aliyetaka kukaa naye kwa sababu hakusimulia. Kwa hivyo nikawa mwenzake mimi. Kila siku, wenzake wakivuma kama nyuki, mimi niliketi kwenye kile kiti kifupi cha mtoto, magoti yamefika kidevuni, nikimpa Jelagat hadithi. Nilimpa za sungura, za fisi, za mfalme mwenye masikio makubwa. Alinisikiliza. Nikimwambia, "Haya, nirudishie," anatazama mikono ya sweta.

Sasa hapa lazima nirudi nyuma kidogo, maana kibuyu bado hakijaingia.

Ofisini kwa Madam, juu ya kabati la faili, kulikuwa na kibuyu cha mursik, yale maziwa yaliyochachushwa ya watu wa huku. Kilikuwa cha mama yake, marehemu sasa, ambaye alimpa siku aliyoolewa. Kilikuwa cheusi kwa kung'arishwa na mafuta, na mfuniko wa ngozi ulioshonwa shanga. Shule ikipata mgeni mkubwa, Madam alikitoa, akamimina mwenyewe. Siku nyingine zote kilikaa pale juu, na aliyekigusa kwa kukifuta vumbi alikuwa mtu mmoja tu, Mzee Makokha, askari wetu wa lango, ambaye pia alifagia ofisi asubuhi na ambaye alikuwa na ufunguo wake kwa miaka kumi na moja. Mzee Makokha ni mtu wa kwetu magharibi. Kila asubuhi aliniamkia kwa lugha ya kwetu, "Mulembe, Mwalimu wangu," kwa namna ambayo ulihisi kweli u mwalimu wake.

Siku moja, saa nne, Madam akiwa mjini, niliingia ofisini kuchukua manila. (Nilikuwa nimeruhusiwa kuchukua. Hilo nalisisitiza kwa sababu ndilo jambo pekee nililofanya sawasawa siku hiyo.) Karatasi zilikuwa juu ya kabati. Nikanyoosha mkono, nikazivuta, kiwiko kikagusa kitu, na kile kitu kikaja chini bila haraka yoyote. Hakikupasuka vipande. Shingo ilikatika tu, safi, kama muwa. Nikasimama na kiwiliwili mkono mmoja na shingo mkono mwingine, nikasikia hatua za mtu kwenye varanda, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulioniletea yote haya: nikarudisha shingo juu ya kiwiliwili, ikakaa, nikakisimamisha juu ya kabati, nikakiegemeza ukutani, nikatoka na manila zangu. Hatua zilikuwa za mtoto anayepeleka chaki.

Niliapa kumwambia Madam akirudi. Alirudi jioni akiwa na watu. Nikasema kesho.

Kesho yake alfajiri, kabla sijafika, Mzee Makokha aliingia kufagia, akanyanyua kibuyu akifute, shingo ikabaki mkononi na kiwiliwili kikaanguka. Hakuna aliyemwona. Angeweza kufanya kama mimi. Badala yake alimngoja Madam langoni na kumwambia, na siku iliyofuata alikuja na kuku chini ya kwapa kuomba msamaha. Madam alikataa kuku. Alimwambia, "Mzee, hicho kilikuwa cha mama yangu," akanyoosha kiganja, na Mzee akaweka ufunguo juu yake. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka hapo, nimeshika rejista, nikisoma majina ya watoto ambao wote walikuwa darasani.

Ningesema wakati ule. Kila siku niliyokaa kimya iliongeza uzito wa kusema, maana sasa halikuwa tena jambo la kibuyu, lilikuwa jambo la kibuyu na ufunguo, kisha la kibuyu, ufunguo na chai. Ndiyo, chai. Mzee Makokha ndiye aliyekuwa akibeba ile birika kubwa kutoka jikoni hadi ofisi ya walimu saa nne. Akakataa kuibeba. Nilimuuliza kwa nini (mjinga mimi, nilifikiri labda ataniambia ni mgongo), akautazama mkono wake wa kulia na kusema, "Mwalimu wangu, huu mkono umeanza kuniasi. Nilikigusa tu kile kitu, nikaona kimekatika. Nikimwaga chai moto juu ya mtoto itakuwaje?" Tangu siku hiyo birika niliibeba mimi, na kila mtu akasema Wekesa ana moyo mzuri.

Basi siku moja, hadithi zimeniishia, sungura nimemtumia mpaka amechakaa, nikakaa mbele ya Jelagat na kujisikia nikisema, "Kulikuwa na mtu mmoja aliyevunja kibuyu."

Akainua kichwa. "Chake?"

Neno zima! Nilitaka kuruka.

"Si chake."

"Cha nani?"

"Cha mama mmoja. Alipewa na mama yake."

"Halafu?"

Wewe unafundisha mtoto wiki sita hajakuuliza kitu, leo anakuuliza halafu, utanyamaza? Nikaendelea. Sikutaja majina. Nilisema mtu mmoja, mama mmoja, mzee mmoja. Lakini nilisimulia yote, kabati, karatasi, shingo iliyorudishwa, kuku, ufunguo, na nilipofika kwenye mkono wa yule mzee Jelagat alikuwa ameacha mdomo wazi.

"Ni ya ukweli?"

Sheria namba nne ilikuwa juu ya kichwa changu, nyekundu. "Ya ukweli," nikasema.

Kisha akanirudishia. Kwa sauti ndogo, lakini yote, hakupunguza neno, na pale pa kurudisha shingo alisimama na kufanya kwa mikono, mikono ya sweta ikining'inia, akiziba pumzi. Nilifurahi sana kama mwalimu mpaka nikasahau kuogopa kama mhalifu. Na sikuwa mjinga kabisa: nikampa hadithi nyingine ya kusema mbele ya watu, ya lori la mahindi lililokwama Turbo na dereva akalivuta kwa ng'ombe. Alijifunza hiyo pia. Ile ya kibuyu nikamwambia ni yetu wawili.

Afisa alikuja Alhamisi, mvua ya usiku ikiwa bado inadondoka kutoka kwenye mabati. Alikuwa bwana mnene mchangamfu mwenye daftari gumu, na alipoingia darasa lilisimama na kuimba salamu hata madirisha yakatetemeka. Madam alikuja kukaa karibu naye. Kiti kilipungua, Madam akamtuma mtoto langoni, na Mzee Makokha akaja nacho, akakibeba kwa mikono miwili kwa uangalifu mkubwa, akakiweka, kisha akabaki mlangoni na kofia mkononi kwa sababu Madam alimwambia, "Ngoja hapo Mzee, tunaweza kukuhitaji tena."

Nilikuwa nimeandaa jozi tatu kali. Ya kwanza ilisimama, ikasimulia vizuri, afisa akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ya pili vizuri. Nikaanza kuihisi barua ya mkataba mpya mfukoni. Afisa akafunga daftari.

"Hawa umenipikia, Mwalimu," akasema akitabasamu. "Mimi nataka niliyemchagua mwenyewe. Yule." Akaelekeza kalamu. "Yule binti wa sweta kubwa. Mwenzake yuko wapi?"

Darasa likacheka. "Mwenzake ni Mwalimu!"

"Mwalimu mwenyewe? Hiyo nzuri zaidi. Simama, mwanangu."

Jelagat akasimama. Akatembea mpaka mbele, polepole, kama sakafu imemwagiwa maji. Akageuka. Watoto arobaini, wakubwa wawili, mtu mmoja mlangoni. Nikamtikisia kichwa kumtia moyo.

"Kulikuwa na lori," akasema.

Tukangoja.

"Kulikuwa na lori," akasema tena, chini zaidi, na macho yake yakaanza kwenda kwenye mikono ya sweta. Nilijua macho yale. Nilijua yakifika pale hayarudi, na muhula mzima utakuwa umekwenda, na afisa alikuwa anatazama saa. Nikafanya ninachofanya siku zote mtoto akikwama, yaani mdomo ulifanya wenyewe kabla yangu. Nikasema, "Usiogope, Jelagat. Simulia ile unayoipenda."

Yalipotoka tu yale maneno, nilijua.

Uso wake ukafunguka. Akavuta mikono ya sweta juu mpaka viwiko. "Kulikuwa na mtu mmoja," akasema, na sauti hiyo ilifika barabarani, "aliyevunja kibuyu."

"Jelagat," nikasema, "ile ya lori ndiyo..."

"SHERIA NAMBA TATU!" Watoto arobaini kwa pamoja. Afisa akacheka hata tumbo likatikisika. "Umeshikwa na sheria yako, Mwalimu! Keti."

Nikaketi. Kiti kilichokuwa karibu kilikuwa kile kifupi, kwa hivyo nilitazama aibu yangu yote ikija nikiwa nimekunja magoti mpaka kidevuni.

Mtoto yule alisimulia! Simulizi niliyokuwa nikiiomba kwa wiki zote zile ilikuja siku ile, yote, imenyooka, na ishara za mikono. Alisema mtu yule aliingia ofisini mwenye ofisi akiwa mjini. (Mimi nilisema chumbani, au nilidhani nilisema chumbani.) Alionyesha kiwiko. Alionyesha kibuyu kikija chini bila haraka. Nilimtazama Madam kwa pembeni. Alikuwa anatabasamu kama anavyotabasamu mwalimu mkuu mtoto wa shule yake akifanya vizuri mbele ya mgeni. Jelagat akafika kwenye shingo, akaziba pumzi, akairudisha kwa vidole viwili, darasa likaziba pumzi pamoja naye, na nikaona kalamu ya Madam, iliyokuwa ikitembea, imesimama.

Hakuniangalia. Hilo ndilo lililonitisha. Alitazama mbele, palepale, na tabasamu likabaki usoni lenyewe, limesahauliwa.

"Kesho yake mzee mmoja akakishika kukifuta vumbi," Jelagat akasema, "kikakatika tena, lakini hakikukatika tena, kilikuwa kimekatika tayari, lakini yeye hakujua. Akafikiria ni yeye."

Mlangoni kofia iliacha kuzunguka mikononi. Mvua ilidondoka. Nilihesabu matone kutoka kwenye ukingo wa mabati kwa sababu nilihitaji kufanya kitu, na shati lilikuwa limenishika mgongo, katika baridi ya Eldoret, Alhamisi asubuhi. Akasimulia kuku. Akasimulia ufunguo. Akasema, "Na yule mzee mpaka leo anafikiria mkono wake ni mgonjwa. Hadithi yangu imeishia hapo."

Makofi yalikuwa ya kishindo. Afisa alipiga makofi akiwa amesimama. Mimi nilipiga makofi. Sijui kwa nini nilipiga makofi.

"Maswali matatu!" kiranja wa darasa akapaza sauti, maana ndiyo kazi yake. "Mwenye hadithi asimame!"

Nikasimama.

"La kwanza nalichukua mimi," akasema afisa, bado anafurahia. "Huyu mtu alikuwa anatafuta nini huko juu ya kabati?"

Jelagat akanisaidia. "Manila," akasema. Na darasa zima, pamoja na afisa, likageuka taratibu na kutazama ukutani, ile karatasi kubwa yenye kalamu nyekundu. Tabasamu la afisa likaanza kupungua kutoka pembeni.

"La pili," akasema Madam. Sauti ileile ya chini. Sasa alikuwa ananitazama. "Mfuniko wa hicho kibuyu, Mwalimu. Ulikuwa na shanga za rangi gani?"

Ningesema sikumbuki. Nawaambia ukweli, neno "sikumbuki" lilikuwa kwenye ulimi wangu, na barua ya mkataba ilikuwa nyuma yake ikilisukuma litoke. Lakini Jelagat alikuwa amesimama pale mbele, mikono imekunjwa mpaka viwiko, akinitazama kama mtu anayemtazama mwenzake akienda kujibu vizuri.

"Nyekundu na nyeupe, Madam," nikasema. "Na moja ya samawati, upande wa nyuma."

Ile ya samawati haikuwapo mwanzo. Madam aliishona mwenyewe, shanga moja ilipopotea, na kibuyu kikiwa juu ya kabati huwezi kuiona ukiwa chini. Lazima uwe umekishika. Akafunga macho kidogo, akafungua.

Hakuna aliyeuliza la tatu. Watoto hawakujua kilichotokea lakini walijua kimetokea, na walikaa kimya kwa namna ambayo Mwalimu wa Gredi ya Tano angeipenda. Kisha mlangoni mkono ukainuka, wa kulia, umenyooshwa juu kama wa mwanafunzi.

"Mwenye hadithi," akasema Mzee Makokha. Hakuniita Mwalimu wangu. "Kwa hivyo huu mkono hauna kitu?"

"Hauna kitu, Mzee," nikasema. "Ni mzima. Ni mimi."

Akaushusha, akautazama. Akaufunga ngumi, akaufungua, akaugeuza juu na chini kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokuwa amemwazima mtu. "Sawa," akasema. Lori lilipiga honi langoni, akavaa kofia, akaenda kufungua.

Ofisini Madam hakunikaribisha kiti. Juu ya kabati palikuwa na duara safi ambapo vumbi halikuwa limekaa.

"Afisa ameandika kwamba hajaona mtoto wa Gredi ya Nne akisimulia hivyo," akasema. "Ameuliza pia kama ile hadithi ni ya kubuni. Nimemwambia amuulize mwenye hadithi siku nyingine. Wekesa, mimi nilimnyang'anya mzee wa watu ufunguo mbele ya walimu."

"Ndiyo, Madam."

"Mbele yako."

"Ndiyo, Madam."

"Kibuyu kingevunjika tu, ni kibuyu. Mama yangu mwenyewe alivunja viwili." Akavuta droo, akatoa ule ufunguo, akauweka mezani katikati yetu. "Jumatatu kwenye paredi, shule nzima ikiwepo, utaisimulia wewe. Na si mtu mmoja, mzee mmoja. Kwa majina. Usiongeze, usipunguze. Ukimaliza umpe Mzee huu, kwa mikono yako. Mkataba tutazungumza baada ya hapo, kama bado utautaka."

Niliisimulia. Shule yote, watoto wa chekechea mbele kabisa wakinyonya vidole, na nilipofika kwenye kiwiko sauti ikanikwama, na kutoka mistari ya Gredi ya Nne nikasikia sauti moja ndogo ikisema, "Halafu?" Nikaendelea. Mzee Makokha alipokea ufunguo mbele ya bendera, akaujaribu kwanza kwa kidole kama ana shaka na meno ya ufunguo, akautia mfukoni. Mkataba nilipewa, wa muhula mmoja badala ya mwaka, na Madam hakunieleza sababu na mimi sikuuliza. Jelagat siku hizi haketi tena na mimi, amepata mwenzake, na vikaratasi vya Gredi ya Tano sasa vinamtaja kwa jina.

Nimejiwekea sheria ya tano, sijaiandika ukutani: nisimpe mtoto hadithi ya kweli ambayo sijaipeleka kwanza kwa mwenyewe. Na nikivunja kitu cha mtu, nitakaa chini palepale na vipande mapajani mpaka mwenyewe aje, hata akija baada ya siku mbili.

Jumatatu ileile, saa nne, nilikwenda jikoni kuchukua birika kama kawaida, nikakuta haipo. Nikamkuta Mzee Makokha kwenye varanda, ameibeba kwa mkono wa kulia peke yake, imejaa, haimwagi hata tone. Akaingia, akanimiminia mimi kwanza, akaninyooshea kikombe, na nilipokishika hakukiachilia.

"Shika vizuri, Mwalimu wangu," akasema. "Kikivunjika, leo tutajua ni nani."